CD Kumi na Moja Zilizofukizwa Uunsi

Abti Yusuf alifika msibani siku ya tatu, nyusi zake zikiwa bado na vumbi la njia ya Modogashe, na kwapani amekumbatia boksi la bati nililolitambua kabla hajalishusha. Abti ni mjomba, ndugu wa mama, naye huniita abti vilevile, maana kwetu mkubwa humrudishia mdogo jina analomwita, hata mama aliniita hooyo, yaani mama. Tulikuwa tumemzika mama Jumanne. Alimwombea dua kwa sauti ya chini, akanywa maji gilasi mbili, akakataa chai, kisha akalisukuma lile boksi mkekani mpaka likagusa goti langu. "Abti," akasema, "zile faili unazo bado?" Nikamwambia ninazo. "Zote?" Zote. "Na kikohozi?" Na kikohozi kimo. Akatabasamu, na alikuwa mtu wa kwanza kutabasamu katika nyumba ile tangu Jumanne. Mimi sikutabasamu. Ndani ya boksi mlikuwa na CD kumi na moja, na kuhusu CD hizo kuna jambo nililomficha tangu mwaka 1999. Halikuwa jambo langu, lilikuwa la mama, na mwenyewe sasa alikuwa chini ya mchanga. Nilijiona kama mtu aliyeachiwa mzigo njia panda, na mwenye mzigo ameondoka bila kusema upelekwe wapi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na moja na mdomo mkubwa kuliko akili, nikifundisha kompyuta katika chumba kimoja juu ya duka la jumla la sukari na mchele, mjini Garissa. Kompyuta zilikuwa sita, nne za kufanya kazi na mbili za kutazamwa. Kila asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kuzivua vitambaa tulivyozifunikia, kuvikung'utia dirishani, na kumsikiliza mwenye duka huko chini akilalamika kwamba tunawamwagia wateja wake jangwa zima. Mwenye chuo alikuwa Mwalimu Mutisya, mtu wa Mwingi, mpole, aliyekula muthokoi baridi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kutoka kwenye kopo huku akitengeneza mashine, na sijui kama kuna siku alimaliza kopo hilo. Sakafu yetu ilikuwa ya mbao nyembamba, kwa hiyo masomo yalichanganyika na biashara. Wanafunzi wangu walijifunza kuandika barua rasmi huku wakimsikia mama fulani akiapa kwamba gunia lile lina mawe, na siku moja nilikuta "wallahi ni pungufu" katikati ya barua ya kuomba kazi ya ukarani. Nilicheka mpaka Mwalimu akaja kuuliza kama ni malaria.

Katika mwaka huo ndipo Abti Yusuf aliporudi kutoka Ghuba, baada ya miaka tisa. Sitaeleza ugomvi wake na mama. Inatosha kusema kwamba bibi alipofariki yeye hakuja, na mama hakulisahau hilo hata siku moja. Aliporudi alikaribishwa, kwani ndugu hafukuzwi, lakini alikaribishwa kama mgeni. Chakula chake kilipelekwa sebuleni katika sahani peke yake, na mama akala jikoni. Hawa walikuwa watu waliokua wakila sinia moja. Mimi nililala chumba cha kati, kilichotengwa na sebule kwa pazia, na kila asubuhi nilikuwa nasikia mazungumzo yale yale. "Umeamka salama?" "Alhamdulillahi. Nawe?" "Alhamdulillahi. Chai ina sukari ya kutosha?" "Inatosha." Basi. Hata afisa wa serikali na mtu aliyekuja kutafuta kitambulisho huongea zaidi ya hapo. Nilikuwa nimelala nikiwaombea mmoja wao akasirike, apige kelele, avunje hata kikombe. Kitu pekee ambacho mama alimfanyia bila kuulizwa ni kumfukizia nguo. Kila Alhamisi alasiri aliwasha makaa katika chetezo, akatia uunsi, ule ubani wetu unaopikwa na sukari na manukato, akasimamisha juu yake kile kizimba cha fito, na kutandaza kanzu za ndugu yake moja baada ya nyingine. Abti alizivaa zikiwa bado na uvuguvugu.

Jumatatu moja akapanda ngazi za chuo chetu, boksi la bati mkononi. Alikuwa anahamia Griftu kuanza biashara ya mifugo, lori lingeondoka Jumamosi ya wiki ile ile, na huko alikokwenda hakukuwa na stima. Mashine yake ya kuchezea CD ilikuwa imekufa kwa vumbi wiki ya pili tu baada ya kurudi. Tangu siku hiyo boksi lilikaa nyumbani kwetu, juu ya kabati. Alikuwa ameagiza hadidiski kutoka Nairobi, ile sehemu ya kompyuta inayohifadhi kila kitu, na alitaka tumhamishie humo CD zake zote, ili nibaki nayo mimi, na hata njia ikizivunja CD, sauti isipotee. Mwalimu Mutisya akaishika ile hadidiski, akaigeuza, akapiga hesabu kichwani. "Mzee, zitajaa haraka hizi. Tunaweza kuzipunguza. Wimbo unakuwa mdogo mara kumi na sikio halijui."

"Sikio la nani?" akauliza Abti.

"La mtu yeyote, mzee."

Abti akavuta kiti. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na kama ilivyo kwa wengi wetu, p ilimtoka kama b. "Mwalimu, mimi nakula nyirinyiri tangu nimeota meno. Unaijua nyirinyiri? Nyama ya ngamia, unakata ndogo ndogo, unakausha, unakaanga, unaweka kwa samli. Inakaa miezi. Ni tamu sana. Lakini huwezi ambia hiyo nyama isimame, itembee tena. Basi hii yangu usibunguze. Iingie yote. Hata yule anakohoa." Mwalimu akanitazama mimi, akidhani hajaelewa. Nikamweleza: kuna CD yenye jalada la kijani, na katika wimbo wa nne mpigaji wa kaban, lile gambusi letu, anakohoa kabla ya kugusa uzi. CD nyingine zilikuwa za dukani, lakini ya kijani alitengenezewa na fundi wa huko Ghuba kutokana na kaseti aliyoirekodi mwenyewe nyumbani kwao akiwa kijana. Kaseti yenyewe ilikuwa imekwisha kuliwa na mashine. Mahali pengine duniani wimbo ule haukuwepo. Kwa nini alikitaka kikohozi, hakusema, nami nikachukulia kwamba watu wa Ghuba hurudi na mambo yao.

Alipoondoka nikafungua boksi, nikatia CD ya kwanza. Kompyuta ikaizungusha, ikaguna, ikaitema. Nikatia ya pili, ikaitema. Ya tatu haikuguna hata kidogo. Ndipo nikaiinua dirishani nikaitazama vizuri. Upande ule unaopaswa kung'aa kama kioo ulikuwa na utando wa rangi ya chai, unaonata, na vumbi la Garissa limeganda juu yake. Sikuhitaji kuinusa, lakini niliinusa. Harufu ya Alhamisi. Zote kumi na moja, hata ile ya kijani. Nikazipanga mezani moja moja. Mwalimu alikuwa akisema kitu kuhusu lenzi ya mashine na mimi nilikuwa naona sahani mbili, moja sebuleni na moja jikoni, mpaka siku ya Kiyama.

Jioni nilimkuta mama akichambua mchele. Nikauliza kama mtu asiye na haja, "Hooyo, zile CD za Abti uliwahi kuzigusa?" Akainua uso, na nikaona amefurahi kuulizwa. "Nazifukiza pamoja na nguo zake. Nazitoa kila moja kwenye kibweta chake, nazipanga juu ya fito, nazirudisha. Kitu ukikipenda usikiache kinuke boksi." Akasita, kisha akaongeza, "Na kibuyu cha maziwa tunakitia moshi ili maziwa yasiharibike. Nikasema labda na hizi zitadumu." Ni lazima niseme jinsi nilivyohisi. Nilitaka kulia na kucheka pamoja. Mama yangu hakuwa na neno la kumwambia ndugu yake, kwa hiyo alimpa moshi. Na moshi huo ndio uliomharibia kitu alichokipenda kuliko kanzu zake zote. Ningemwambiaje? Nikamwambia ni vizuri, nikaenda kulala bila kula.

Kosa lililofuata ni langu mwenyewe, na mpaka leo likinijia usiku naona haya. Kesho yake, Mwalimu alipotoka kwenda kuswaga mafundi wa stima, nilichukua ile CD ya kijani nikaisugua kwa ncha ya mtandio wangu, kwa nguvu, kwa mzunguko, kama mtu anayesugua sufuria. Utando haukutoka. Kilichotoka ni mchanga uliokuwa kwenye mtandio, ukachora mstari mrefu mweupe. Mwalimu aliporudi hakunigombeza. Alisema, "Hapana, hapana. Maji vuguvugu, tone la sabuni, kitambaa laini. Na unafuta kutoka katikati kwenda nje, kama miale ya jua. Usizungushe." Halafu akaenda kukaa na kopo lake, na hilo lilikuwa karipio tosha.

Kwa hiyo Jumatano alasiri nilijifungia uani kwetu na beseni ambalo mama huogeshea watoto wa jirani. Nikaosha ya kwanza. Maji yakawa kahawia. Nilikuwa naosha ya pili nilipoona kivuli chake juu ya beseni. Aliyatazama yale maji muda mrefu. Mama hakwenda shule hata siku moja, lakini hakuna mtu aliyehitaji kumweleza maji yale.

"Ni uunsi wangu," akasema.

"Hooyo, zinasafishika."

"Usinidanganye, hooyo. Zilikuwa zimekataa?"

Nikaitazama ile ya pili mkononi mwangu. Akajishusha akakaa juu ya kigoda, mikono mapajani. "Miaka tisa nimemhesabia kosa moja," akasema. "Sasa nimemuulia vitu vyake kwa mkono wangu, na yeye yuko sokoni anatafuta turubai, hajui." Akafuta macho kwa ukingo wa shuka. Nilikuwa sijamwona mama akilia tangu msiba wa bibi, na nilitamani ardhi inimeze mimi na kompyuta zote sita. Kisha akakunja mikono ya dera, akanisukuma kando kwa kiwiko. "Nionyeshe. Wewe una mkono wa kufulia magunia." Nikamwonyesha ile namna ya kutoka katikati kwenda nje. Aliziosha moja moja, vidole vyepesi, akipuliza kila moja kama anampuliza mtoto aliyeungua. Nilipomwonyesha mstari niliouchora mimi kwenye ile ya kijani, aliutazama, akanitazama, akasema, "Ahaa. Basi tuko wawili." Sijapata kusikia maneno yaliyonifariji kama yale. Tukala kiapo pale pale kwamba Abti hatajua kitu, na mimi nikakishika kiapo hicho miaka yote.

Alhamisi kompyuta ilianza kuzisoma. Programu ya Mwalimu haikuwa na haraka: ilisoma kila kipande cha sauti mara mbili, ikalinganisha, na zikitofautiana ilirudi kusoma tena mpaka ziwiane. Ndiyo sababu Mwalimu aliiamini. CD kumi zilipita, nyingine kwa nusu saa, nyingine saa nzima, stima ikipotea mara tatu na sisi tukianza upya bila kunung'unika. Wanafunzi niliwafukuza. Ya kijani niliiacha mwisho, kama mtu anayeogopa kufungua barua. Wimbo wa kwanza ukaingia, wa pili, wa tatu. Wa nne ukagoma mwanzoni kabisa. Mstari wangu ulipita pale pale. Namba ya kuhesabu kwenye kioo cha kompyuta ilikaa ilipo, mashine ikirudia, ikirudia, mpaka Mwalimu akaizima. Akatoa dawa ya meno mfukoni, nyeupe ya kawaida, akasema wako mafundi wanaolainisha mikwaruzo kwa hiyo, lakini mkono wake yeye unatetemeka. Nikajua ni mkono wa nani unaohitajika. Mama, ambaye hakuwahi kupanda ngazi zile, alizipanda Ijumaa asubuhi amejifunika vizuri, akamsalimia Mwalimu, akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Alipaka ile dawa kwa ncha ya kidole, akasugua polepole kwa muda ambao chini yetu watu walipatana bei ya sukari, wakakosana, wakapatana tena. Akaisuuza. Nikaitia. Namba ikakaa. Mama akawa anasoma kitu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Namba ikasogea moja. Ikasogea tena. Kisha ikaanza kutembea, na Mwalimu Mutisya, Mkristo wa watu, akasema "alhamdulillahi" kabla yetu.

Alasiri hiyo, baada ya swala ya Ijumaa na baada ya wali na nyama, Abti alikuja kusikiliza. Alikaa mbele ya vispika viwili vidogo kama mtu aliye mbele ya hakimu. Mama alisema amekuja kurudisha bakuli la Mwalimu, na akabaki kusimama mlangoni, bakuli mkononi, halirudishi. Abti akaomba wimbo wa nne wa ile ya kijani. Nikabonyeza. Kukawa na ule ukimya wa kaseti, unaovuma kidogo. Halafu yule mzee wa kaban akakohoa, kikohozi cha kukwama, mara mbili, na uzi wa kwanza ukalia.

"Tangawizi ilizidi," mama akasema kutoka mlangoni.

Abti akageuka. Hawakuwa wametazamana hivyo tangu aje. "Nilikwambia siku ile ile," akasema. "Nikakwambia mgeni ni mzee, usimtie tangawizi ngumi nzima."

"Ulinihimiza. Ulikuwa na kaseti yako unapiga kelele chai iko wapi, chai iko wapi."

"Alikohoa mpaka usiku."

"Na akaomba kikombe cha pili," mama akasema, na hapo wakacheka wote wawili, na mimi ndipo nilipojua kikohozi kile ni cha nini. Ni chai ya mama yangu akiwa msichana. Waliusikiliza wimbo mpaka mwisho, mama sasa amekaa, bakuli mapajani. Jioni ile niliwasikia kutoka nyuma ya pazia wakizungumza mpaka adhana, habari za bibi, na mama alipaza sauti, na Abti akaomba msamaha kwa sauti iliyokatika. Walikula sinia moja. Nilikula mabaki, na sijala chakula kitamu kama kile. Jumamosi mama alimsindikiza kwenye lori, akarudi uso umetulia, nami sikuuliza kitu.

Sasa ndio huyu yuko mbele yangu mkekani, ndevu nyeupe, mama hayupo, na boksi liko gotini kwangu. Nikaona sina tena wa kumfichia. Nikamwambia, "Abti, kuna jambo. Zile CD, mama—"

"Alizifukiza," akasema.

Nikamuuliza alijuaje.

"Nilikuwa nafungua boksi kila Ijumaa. Pua yangu ilikuwa na kasoro gani? Na siku ya lori alinieleza mwenyewe. Analia, anasema nimeharibu vitu vyako, tukakuficha. Nikamwambia najua." Akapangusa vumbi kwenye kifuniko kwa kiganja. "Akaniuliza, mbona ulinyamaza ukiona naziharibu? Nikamwambia, miaka tisa hakuna mtu aliyenifukizia kitu. Ningekukatazaje?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nalinda zizi lisilo na mbuzi hata mmoja. Wenyewe walikwisha kuambiana kando ya lori, wakanisahau mimi mlangoni na rungu. Nilicheka, nikalia, nikacheka, mpaka mke wa ndugu yangu akachungulia. Mzigo niliodhani mama ameniachia, kumbe aliutua mwenyewe kitambo. Alikwenda mwepesi.

Abti akafungua boksi. CD zenyewe sijui kama zinasomeka tena, zimeanza madoa pembeni, lakini karatasi za majalada zilikuwa bado na ile harufu, hafifu, ya Alhamisi. Akaniuliza kama faili ziko hapa au mjini. Nikamwambia ziko kwenye simu, zote, hazikupunguzwa. Akatazama upande wa ukumbi, ambako wanawake walikuwa wanasoma Yasini.

"Wimbo hauchezwi msibani," akasema.

"Hauchezwi."

"Kikohozi si wimbo."

Nikapunguza sauti, nikaiweka simu katikati yetu, kidole tayari. Ukimya ukavuma. Yule mzee wa kaban akakohoa, mara mbili, nami nikazima kabla uzi haujalia. Abti alikuwa amefumba macho.

"Tangawizi ilizidi," akasema.